Mchuuzi wa Manyatta si mlanguzi

Majuzi nikiwa darasani na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, niliwauliza jina la Kiswahili la mtu anayenunua bidhaa dukani kwa nia ya kuziuza tena apate chochote. Swali lenyewe halikuwa zito. Nililikusudia liwe mlango wa kuingilia somo la jinsi nomino zinavyoundwa kutokana na vitenzi. Kijana mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinua mkono akajibu bila kusita: "Mlanguzi." Wenzake wakaafiki. Ni msichana mmoja tu, ambaye huketi karibu na dirisha, aliyefunga daftari lake, akainamisha uso, na asiseme neno hadi kipindi kilipokwisha.

Alasiri alinijia ofisini. "Mwalimu," akaniambia, "mama yangu hufanya kazi hiyo huko Manyatta, Kisumu. Karo yangu yote imetokana na kazi hiyo. Je, mama ni mlanguzi?"

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba sikuwa na jibu la haraka. Nilimweleza kwamba mwenzake hakukusudia kumtusi mtu, kwamba neno lina historia yake, na kadhalika na kadhalika. Maneno hayo hayakumridhisha, wala hayakuniridhisha mimi mwenyewe. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kitenzi "langua" maana yake ya asili ni kununua vitu kwa bei nafuu na kuviuza kwa bei ya juu. Kutokana nacho tumepata "mlanguzi", kama tulivyopata "mnunuzi" kutokana na "nunua". Lakini hapa Kenya, kijana aliyezaliwa katika miaka ishirini hivi iliyopita amelisikia neno hilo redioni na kulisoma magazetini likiwa limeambatanishwa na mambo mawili hasa: ulanguzi wa dawa za kulevya na ulanguzi wa binadamu. Kwa hiyo, anapomwita mama wa kibandani mlanguzi, anamweka katika kundi moja na wauzaji wa heroini, hata kama hakudhamiria hivyo.

Ilhali Kiswahili kina neno jingine zuri lisilo na doa, nalo ni "mchuuzi", kutokana na "chuuza", yaani kununua vitu na kuviuza kidogo kidogo. Kina pia neno "rejareja", lenye asili ya Kiajemi, ambalo huko lilitokako lilihusu vipande vidogo vidogo. Mwenye kuuza rejareja, basi, ni mtu anayekata kitu kikubwa vipande ili kimfikie asiyeweza kukinunua kizima. Hata "bepari", ambaye siku hizi tunamchora na tumbo kubwa na sigara mdomoni, alianza safari yake katika lugha za Kihindi akiwa ni mfanyabiashara tu. Yaonekana kwamba tunapomchukia mtu, huanza kwa kulichafua jina la kazi yake.

Chuki hiyo haikuanza jana. Nchini Uganda, mwaka wa 1975, serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya kuunda mahakama maalum za makosa ya kiuchumi, na wafanyabiashara walioshtakiwa kwa kuficha bidhaa au kuuza kwa bei ya kupita kiasi wakafikishwa mbele yake. Nchini Tanzania, mwaka wa 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na Bunge likapitisha sheria maalum kwa ajili hiyo. Ni kweli kwamba wapo walioficha sukari na sabuni maghalani huku wananchi wakihangaika. Lakini uhaba wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu zaidi: vita, ukosefu wa fedha za kigeni, viwanda vilivyozorota, na bei rasmi zisizolingana na gharama. Mwenye duka ndiye aliyekuwa karibu, na aliye karibu ndiye anayefikiwa na kiboko.

Hapa Kenya hatukufika huko, lakini hatukuwa mbali sana. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka wa 1967 iliamua nani afanye biashara gani na mahali gani, na kwa miaka mingi bei za bidhaa muhimu zilipangwa na serikali hadi udhibiti huo ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo, wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikumbana na vizuizi vya kila namna, ikiwemo sheria ya 1948 iliyobana mkopo ambao mfanyabiashara angeweza kumpa. Walimu wanaosoma safu hii wanafaa kukumbuka kwamba mmoja wa watu waliopambana na hali hiyo katika eneo la ziwa alikuwa mwalimu mwenzao. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno kabla ya kuingia katika biashara, na mwaka wa 1947 akaongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, shirika lililokusanya akiba za watu wa kawaida ili nao wamiliki maduka na kazi nyingine za faida. Hakuona kwamba kutoka ubaoni kwenda kaunta ni kushuka hadhi. Alitambua kwamba watu wasiojua kununua na kuuza watabaki kuwa wateja wa wengine milele.

Sasa twende Manyatta. Jina lenyewe lina asili ya Kimaasai, lakini mtaa ni wa Kisumu hasa: vichochoro, nyumba za kupanga zilizobanana, kanisa baada ya kanisa, na kila hatua chache kibanda chenye nyanya, omena, sabuni na mkate. Mchuuzi wa hapa ana njia kadhaa za kupata bidhaa. Mboga huzifuata sokoni Kibuye au Jubilee. Unga, sukari, mafuta na majani ya chai anaweza kuvipata katika maduka ya jumla. Lakini duka la jumla huuza kwa bunda, na bunda la unga wa mahindi lina pakiti 12 za kilo 2. Mwenye mtaji wa pakiti nne afanyeje? Ataingia dukani kama mteja yeyote, asubiri siku ambayo bei imepunguzwa, anunue pakiti nne, mikate sita na chupa ya mafuta, alipe, apewe risiti, kisha arudi mtaani auze. Kazi ya mama wa mwanafunzi wangu ndiyo hiyo, hakuna zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkate amenunua kwa shilingi 65. Anaukata katikati na kuuza kila nusu kwa shilingi 35. Amepata shilingi 70, na faida yake ni shilingi 5. Ndani ya shilingi hizo 5 kuna nauli au miguu yake, kuna kodi ya kibanda, kuna nusu iliyobaki hadi kesho ikakauka, na kuna jirani aliyekopa akahama usiku. Kwa upande wa mnunuzi, mkate huo ni ghali kuliko wa dukani, hilo halina ubishi. Lakini mnunuzi huyo ana shilingi 40 mfukoni saa mbili za usiku, na duka kubwa halimuuzii mtu nusu mkate, wala halijui kwamba mtoto wake hajala. Mchuuzi anamuuzia mkate, na pamoja na mkate anamuuzia ukaribu, saa za usiku na uwezekano wa kununua kidogo. Wakenya wameupa mpango huu jina la "kadogo", na katika nyumba nyingi za mijini ndio unaoamua kama chungu kitatoka jikoni na kitu.

Vipimo vya mpango huu navyo vina habari ya kusimulia. Gorogoro, kile kibati cha takriban kilo mbili kinachopimia mahindi na maharagwe kotekote magharibi mwa Kenya, kilienea watu walipokosa uwezo wa kununua kwa debe. Vivyo hivyo, sukari na mafuta yalipimwa katika vifuko vidogo vya plastiki hadi tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa. Wachuuzi hawakupewa semina wala fidia. Walikunja karatasi, wakawaambia wateja waje na chupa na vikombe vyao, na kazi ikaendelea.

Je, sheria inasemaje? Nimejipa kazi ya kuisoma, japo mimi si wakili, na jambo lililonishangaza ni jinsi ilivyo wazi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inaueleza mkataba wa uuzaji kuwa ni makubaliano ambayo muuzaji anahamisha umiliki wa bidhaa kwa mnunuzi kwa malipo. Umiliki ukishahama, umehama. Aliyenunua mkate ana haki ya kuula, kuugawa, kuutupa au kuuuza. Duka linaweza kuamua kutokuuzia mtu zaidi ya pakiti mbili, kama mengi yalivyofanya mwaka wa 2017 wakati unga wa ruzuku ulipouzwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo 2. Lakini kumwekea kikomo mnunuzi kabla ya kununua ni jambo moja, na kumfuata nyumbani baada ya kununua ni jambo jingine. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 inawakataza wenye viwanda na wauzaji wa jumla kumlazimisha muuzaji wa chini yao asiuze kwa bei iliyo chini ya kiwango walichokipanga wao. Wanaruhusiwa kupendekeza tu.

Mjadala huu umewahi kufika katika mahakama kubwa za dunia, na kwa bahati nzuri kwa wasomaji wangu, ulifika huko kwa ajili ya vitabu. Mwaka wa 1908, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill, iliyokuwa imechapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba kitabu kisiuzwe kwa chini ya dola moja. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama ilisema kwamba hakimiliki haimpi mchapishaji mamlaka ya kupanga bei ya kitabu ambacho ameshakiuza. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka wa 2013, mahakama hiyohiyo ilimsikiliza Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekwenda Marekani kusomea hisabati. Jamaa zake walimnunulia kwao vitabu vya kiada vya bei nafuu, wakamtumia, naye akaviuza huko Marekani kwa faida. Mchapishaji alimshtaki. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba vitabu hivyo, maadamu vilinunuliwa kihalali, vilikuwa vyake na aliweza kuviuza. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inaeleweka hata na mwuza vitabu vya mitumba kando ya barabara.

Hata hivyo, kuwa halali si kuwa bila mipaka, na hapa nawaomba wanafunzi wasikilize kwa makini, hasa wale wanaofikiria kuanza biashara ndogo mabwenini.

Kwanza, huwezi kuuza umiliki usiokuwa nao. Aliyenunua mali ya wizi hapati haki juu yake, hata kama alilipa. Wakazi wa Kisumu wanakumbuka maduka yaliyoporwa na kuteketezwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mfuko wa sukari uliotoka katika duka lililovunjwa ulibaki kuwa mali ya mwenye duka, hata ungepita mikono kumi. Ndiyo maana risiti, kile kikaratasi tunachokitupa mlangoni, kwa mchuuzi ni hati ya heshima yake.

Pili, vipo vitu ambavyo havikuuzwa tangu mwanzo. Tangu mwaka wa 2018, serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, navyo vina maandishi ya kuonyesha kwamba ni mali ya serikali na si vya kuuzwa. Mwalimu au mwanafunzi anayekipeleka kitabu hicho sokoni hachuuzi. Anaiba, na anayeibiwa ni mtoto wa darasa linalofuata.

Tatu, zipo bidhaa zenye masharti yake. Pombe ina leseni yake chini ya sheria ya mwaka wa 2010. Dawa za kuua viini si za kuuzwa pamoja na peremende. Na sigara, ambayo imezoeleka kuuzwa mojamoja katika vibanda vyetu, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza isiuzwe hivyo. Hapo kadogo ni kosa, na sababu yake ni njema: sigara moja ni bei ambayo mtoto wa shule anaimudu.

Nne, anayeuza anawajibika kwa anachokiuza. Mkate ukiwa na ukungu, mteja atarudi kwa mchuuzi, hatakwenda supamaketi. Mizani lazima iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Na anayetia unga hafifu ndani ya mfuko wenye nembo ya kampuni nyingine ametoka katika uchuuzi akaingia katika ughushi.

Mwisho kuna leseni na kodi. Chini ya Katiba ya 2010, masoko na leseni za biashara ni kazi ya serikali za kaunti, kwa hiyo mwenye kibanda anatakiwa kuwa na kibali cha kaunti. Kodi ya mauzo ya serikali kuu, kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, ni asilimia 3 kwa mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Shilingi milioni moja kwa mwaka ni takriban shilingi 2,740 kwa siku. Kiasi hicho kinasikika kikubwa, lakini kumbuka kwamba kinachohesabiwa ni mauzo, si faida. Katika mkate wetu wa shilingi 70, asilimia 3 ni shilingi 2 na senti 10, yaani zaidi ya thuluthi moja ya zile shilingi 5 za faida. Anayeuza vitu vya faida nyembamba anabeba mzigo mzito kuliko anayeuza vitu vya faida nene, na jambo hili waheshimiwa wabunge hawana budi kulitazama upya.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mchuuzi anamfanya maskini alipe zaidi, na kwamba mimi, mtu wa mshahara, napamba umaskini kwa maneno ya kamusi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali: maskini wa Manyatta hulipia kilo ya sukari pesa nyingi kuliko mtu anayejaza gari lake katika duka kubwa. Lakini aliyemfanya alipe hivyo ni nani? Ni ujira unaolipwa kwa siku, ukaisha siku hiyohiyo. Ukimwondoa mchuuzi, ujira hautaongezeka. Kitakachoongezeka ni safari tu, na pengine njaa.

Nakubali pia kwamba ulanguzi upo. Anayenunua shehena nzima ya unga, akaifungia ghalani, akangoja watu walie ndipo afungue mlango, huyo ni mlanguzi, na neno hilo tumwachie yeye. Tofauti yao naiona hivi: mlanguzi hufaidika kwa kuificha bidhaa isimfikie mtu, na mchuuzi hufaidika kwa kuifikisha. Mmoja anahitaji uhaba ili aishi. Mwingine, mkate ukikosekana dukani, naye analala njaa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Tunafundisha insha kuhusu daktari, rubani na mwanasheria, na katika vitabu vyetu mchuuzi hutokea akifukuzwa na askari au akiwapunja wateja. Katika kila darasa la Kisumu, na la miji mingine mingi, wamo watoto waliolipiwa karo kwa nusu mikate. Tunapotoa mfano wa sentensi, tupime kwanza nani anausikiliza. Na tunapofundisha hesabu za faida na hasara, tuwafundishe pia kuweka risiti, kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi, kuomba kibali, na kutenganisha pesa za biashara na pesa za ugali. Hayo si mambo ya aibu kuyaingiza darasani. Mwanafunzi anayeyajua hatatishwa na kila mwenye kofia anayemwambia kwamba kuuza alichokinunua ni hatia.

Kipindi kilichofuata niliandika maneno mawili ubaoni, "mchuuzi" na "mlanguzi", nikawaomba wanafunzi waeleze tofauti yake. Kijana yule wa safu ya mbele ndiye aliyeanza kusema, na alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha nikauliza kama kuna anayemjua mchuuzi. Msichana wa karibu na dirisha aliinua mkono. Alizungumza kwa dakika kumi kuhusu bei ya unga, wateja wa mkopo na mvua inayoingia kibandani, na mara hii wenzake ndio walionyamaza, wakiandika.